Usipoziba Ufa: Habari ya Vyombo Vidogo vya Kuzibia Meno



Kila fundi ana vyombo vyake. Seremala ana randa na patasi, mhunzi ana nyundo na fuawe, mwashi ana mwiko na timazi. Tukiviona vyombo hivyo twajua mara moja kazi ya mwenyewe. Lakini yuko fundi mmoja ambaye vyombo vyake hatupendi kuvitazama: ni mganga wa meno. Tukiketi katika kiti chake twafumba macho, maana mawazo yetu yote yako kwenye koleo. Ndiyo sababu wengi hawajui kwamba kando ya koleo la kung'olea mganga huyo ana vyombo vingine, vidogo na vyembamba, ambavyo kazi yake ni kuliponya jino libaki kinywani. Viko vya kukwangua uozo, viko vya kujaza shimo, viko vya kushindilia, viko vya kuchonga na kulainisha.

Leo twataka kueleza historia ya vyombo hivyo. Si historia ya wafalme wala ya vita. Walakini inagusa kila nyumba, kwa kuwa hakuna kijiji kisichojua usiku wa mtu anayeumwa na jino. Tena ndani yake mna swali moja kubwa: dawa ya kuokoa jino ni ya tajiri peke yake, ama ni ya maskini pia?

Jino huozaje?

Kwanza yafaa tujue adui ni nani. Kwetu watu husema jino limeliwa na mdudu. Si sisi peke yetu tuliosema hivyo. Watu wa Babeli waliandika habari ya mdudu wa jino juu ya vibao vya udongo, na waganga wa Ulaya waliamini vivyo hivyo kwa mamia ya miaka. Mwaka 1890 mganga mmoja Mmarekani aliyefundisha Berlin, jina lake Willoughby Miller, alitoa kitabu kikubwa akaonyesha mambo yalivyo. Katika kinywa cha kila mtu mna vijidudu visivyoonekana kwa macho. Hivyo hula sukari na mabaki ya chakula, kisha hutoa maji makali kama ya ndimu. Maji hayo huyeyusha ganda gumu la jino polepole. Ganda likitoboka, uozo huingia katika sehemu laini ya ndani, nao huenda mbio zaidi. Ukifika penye mshipa, ndipo mtu anapokosa usingizi.

Basi, jino lililotoboka haliwezi kuota nyama mpya kama kidonda cha mguu. Mwenyezi Mungu ameipa ngozi nguvu ya kujifunga, lakini ganda la jino halikupewa. Shimo halina budi kusafishwa na kuzibwa kwa mkono wa mtu. Hapo ndipo kazi ya vyombo inapoanza.

Watu wa kale

Kazi hiyo ni ya zamani sana. Mahali paitwapo Mehrgarh, katika nchi ya Pakistani, wataalamu walifukua makaburi ya watu walioishi miaka 7,500 hadi 9,000 iliyopita. Mwaka 2006 walitangaza kwamba wamekuta magego kumi na moja, ya watu wazima tisa, yaliyotobolewa kwa keekee yenye ncha ya jiwe gumu. Kingo za mashimo zilikuwa zimelainika kwa kutafuna. Maana yake watu hao walitobolewa wakiwa hai, wakaendelea kula kwa meno hayohayo.

Mwaka 2012 ilitangazwa habari nyingine. Katika taya la kijana lililopatikana Lonche, huko Slovenia, jino moja lililopasuka lilikutwa limezibwa kwa nta ya nyuki. Umri wa taya lile ni miaka 6,500. Wataalamu wenyewe hawakukata shauri kama nta iliwekwa kijana yu hai au baada ya kufa. Ikiwa aliwekewa akiwa hai, basi yeye ni mmoja wa watu wa kale kabisa tunaowajua waliozibwa jino, naye alizibwa kwa kitu ambacho hata sisi twakipata porini.

Warumi nao walijua kujaza jino, lakini kwa shabaha ya ajabu. Mwandishi Celsus, aliyeishi karne ya kwanza, aliagiza kwamba jino lenye shimo kubwa lijazwe kwanza kitambaa au risasi iliyokatwa vizuri. Kwa nini? Ili lisivunjike chini ya koleo wakati wa kung'olewa! Walilijaza jino ili kulitupa.

Katika miaka ile ya mateso ya Wakristo, mwaka 249, huko Aleksandria katika bara letu la Afrika, Mtakatifu Apolonia alipigwa na makafiri hata meno yake yote yakavunjika, kisha akafa motoni kwa ajili ya Kristu. Askofu Dionisi wa mji ule ndiye aliyesimulia habari zake katika barua. Tangu kale Wakristo wenye kuumwa na meno humwomba awasaidie, na waganga wa meno wamemtwaa kuwa msimamizi wao. Sikukuu yake ni tarehe 9 Februari.

Mganga wa Paris

Katika karne ya kumi na tano Giovanni d'Arcoli, mwalimu wa uganga katika Italia, aliandika juu ya kuziba meno kwa dhahabu iliyopondwa ikawa nyembamba kama ngozi ya kitunguu. Lakini aliyeifanya kazi ya meno kuwa elimu yenye utaratibu ni Mfaransa Pierre Fauchard. Mwaka 1728 alitoa Paris kitabu chake katika sehemu mbili, "Le Chirurgien Dentiste". Zamani zile mafundi wa meno walizunguka sokoni na ngoma na kelele, wakificha siri zao wasije wenzao wakawanyang'anya riziki. Fauchard hakuficha. Alieleza vyombo vyake pamoja na picha, ili kila mtu ajifunze.

Alitafuta mdudu wa jino kwa darubini, asimwone, akasema wazi kwamba hakumwona. Akafundisha kukwangua uozo kwa vyuma vidogo, kukausha shimo kwa pamba, kisha kulijaza risasi, au bati, au dhahabu, akisukuma kwa vishindilio vyembamba. Bati aliisifu kupita risasi. Hata leo Wafaransa, na sisi tuliojifunza lugha yao, twaita kuziba jino "plombage". Neno hilo latoka katika "plomb", ndiyo risasi. Risasi yenyewe imeachwa zamani kwa sababu ina sumu, lakini jina limebaki.

Dhahabu ya tajiri, zebaki ya maskini

Mwaka 1855 mganga Mmarekani Robert Arthur alionyesha jambo jipya. Dhahabu nyembamba ikipashwa moto kidogo ili iwe safi kabisa, vipande vyake hushikana vyenyewe vikigandamizwa, hata vikiwa baridi. Basi mganga aliweza kujenga jino lililovunjika kwa dhahabu, chembe juu ya chembe, kama mjenzi apangavyo matofali. Uzuri wake ulikuwa mkubwa, kwa maana jino lililozibwa hivyo liliweza kudumu maisha yote ya mtu.

Lakini gharama na taabu! Kila chembe ilisukumwa kwa kishindilio chenye meno madogo kwenye ncha, na mara nyingi msaidizi alipiga mpini wake kwa nyundo ndogo. Tena tone moja la mate liliharibu kazi yote, maana dhahabu iliyolowa haishikani. Ndiyo sababu mwaka 1864 Sanford Barnum alibuni kitambaa chembamba cha mpira: hukitoboa, kisha jino hutokeza peke yake, likabaki kavu. Mgonjwa alikaa saa nyingi kinywa wazi, kisha akalipa fedha nyingi. Mtu maskini hakuweza. Kwake yeye lilibaki koleo.

Kulikuwa na njia nyingine. Katika miaka ya 1820 Mfaransa Auguste Taveau alichanganya unga wa sarafu za fedha na zebaki, akapata ugali laini uliokuwa mgumu kama chuma baada ya muda. Mchanganyiko huo huitwa amalgama. Ulikuwa rahisi, haukuhitaji nyundo, na bei yake ilikuwa ndogo. Mwaka 1833 ndugu wawili wa ukoo wa Crawcour waliupeleka New York. Walijisifu mno, wakajaza mashimo hata bila kukwangua uozo, wakachukua fedha za watu. Baada ya muda meno yaliendelea kuoza chini ya kifuniko, nao wakakimbia.

Waganga wenye heshima wakakasirika. Chama chao cha kwanza cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1840, kiliwadai wanachama waahidi kwa saini kutotumia amalgama. Wengine walikataa, magomvi yakazidi, na mwaka 1856 chama kikavunjika. Pande zote mbili zilikuwa na sehemu ya ukweli. Zebaki ni kitu cha kuchungwa, nao wale wawili walikuwa wadanganyifu. Lakini waliotetea amalgama walijua kwamba kuikataza kabisa kulikuwa kumwambia maskini: wewe jino lako ling'olewe.

Mkulima aliyepima kila kitu

Aliyeleta utaratibu katika ugomvi huo ni Greene Vardiman Black. Alizaliwa tarehe 3 Agosti 1836 katika shamba, jimbo la Illinois, Marekani. Hakukaa sana shuleni. Alijifunza uganga kwa ndugu yake, kisha kazi ya meno kwa fundi mmoja kwa miezi michache tu. Mengine yote aliyapata kwa kusoma usiku na kwa kujaribu kwa mikono yake. Hata hivyo mwaka 1897 alikuwa mkuu wa shule ya waganga wa meno ya Northwestern, Chicago, akaishika kazi hiyo mpaka kufa kwake mwaka 1915.

Black aliuliza maswali ambayo wengine hawakuyauliza. Mtu hutafuna kwa nguvu kiasi gani? Akatengeneza chombo cha kuipima nguvu ya taya. Kwa nini amalgama nyingine hujikunja ikaacha ufa ukingoni, na nyingine hutanuka? Akapima mabadiliko madogo kupita unene wa unywele, akachanganya fedha, bati na shaba kwa kadiri mbalimbali, na katika miaka ya 1895 na 1896 akatangaza matokeo yake katika majarida ya waganga. Tangu hapo amalgama ikawa kitu cha kutegemewa.

Kisha akavitazama vyombo. Wakati ule kila mwenye duka alitengeneza vyuma vyake na kuvipa jina au namba apendavyo. Mganga wa mji mmoja akitaka kumweleza mwenzake wa mji mwingine alitumia chombo gani, hakuwa na njia. Black akaweka sheria nyepesi. Kila chombo kina mpini, shingo, na ulimi unaofanya kazi. Jina lake liwe namba tatu: ya kwanza ni upana wa ulimi kwa sehemu za kumi za milimita, ya pili ni urefu wa ulimi kwa milimita, ya tatu ni jinsi ulimi unavyoinama kutoka kwenye mpini, mviringo mzima ukigawanywa sehemu mia. Basi chombo 10-7-14 kina ulimi wa upana wa milimita moja, urefu wa milimita saba, nao umeinama sehemu kumi na nne katika mia. Ukiziandika namba hizo katika barua, fundi wa nchi ya mbali aweza kukifua chombo kilekile. Mwaka 1908 aliyakusanya mafundisho yake katika kitabu cha sehemu mbili, na waganga wa meno wa dunia nzima wangali wakitumia namba zake.

Jinsi vinavyofanya kazi

Sasa tuvitazame vyombo vyenyewe, kama vinavyopangwa mezani.

Kwanza ni kijiko cha kukwangulia. Ni kidogo kuliko ukucha wa mtoto, kingo zake ni kali. Mganga hukizungusha ndani ya shimo, akianzia pembeni, akiondoa uozo uliolainika kama udongo uliolowa, lakini akiacha sehemu ngumu.

Pili ni kishindilio. Ulimi wake ni kama kinu kilichogeuzwa: kichwa bapa juu ya shingo iliyopinda. Mtu aweza kudhani kwamba kichwa kikubwa hushindilia vizuri zaidi. Sivyo. Mnaposimamisha nguzo ya nyumba, udongo wa kuizunguka hamwushindilii kwa ubao mpana, bali kwa mti mwembamba, kwa kuwa nguvu yote ya mkono hukusanyika mahali padogo. Ndivyo ilivyo hapa: kichwa chenye upana wa nusu hugandamiza mara nne kwa nguvu ileile. Basi mganga huanza na kidogo, akisukuma amalgama katika pembe za shimo, tabaka baada ya tabaka, ili pasibaki nafasi ya hewa. Zebaki iliyozidi hupanda juu, naye huiondoa.

Tatu ni kichongeo. Amalgama haijakauka bado, imekuwa kama sabuni. Dakika ni chache. Mganga hulaza makali nusu juu ya jino zima, nusu juu ya kilichojazwa, akivuta polepole, na jino lenyewe humwongoza. Hurudisha vilima na mabonde ambayo Muumba aliyaweka juu ya gego ili chakula kisagike. Kuna vichongeo vyenye ulimi wa duara, kuna vyenye ncha kama ukucha wa ndege. Akiacha kilima kirefu mno, mgonjwa atauma pale kwanza, na taya litamwuma.

Nne ni kilainishio, chenye kichwa cha mviringo kama punje ya mtama. Hakikati, husugua kingo mpaka jino na kifuniko viwe uso mmoja. Ulimi wa mtu hutambua unywele mmoja kinywani, sembuse ukingo uliotokeza.

Vyombo hivyo vimebadilika kwa kuvifuata vitu vinavyojazwa. Tangu mwaka 1962, Mmarekani Rafael Bowen alipoipatia hataza ya utomvu wake wenye rangi ya jino, waganga wamehitaji ndimi nyembamba zilizopakwa ngozi laini, maana utomvu huo hunata katika chuma kitupu. Utomvu huo wa siku hizi hukaushwa kwa mwanga wa buluu. Amalgama nayo inaachwa polepole kwa sababu ya zebaki inayochafua maji na ardhi. Mapatano ya Minamata ya mwaka 2013 yaliagiza itumike kidogo zaidi na zaidi, na Umoja wa Ulaya ulikataza matumizi yake ya kawaida kuanzia tarehe 1 Januari 2025.

Hata mipini ina historia yake. Katika karne ya kumi na tisa matajiri wa kazi hiyo walipenda mipini ya pembe za ndovu, ya mpingo na ya lulumizi, yenye nakshi nzuri. Lakini Pasteur na Lister walipofundisha habari za vijidudu, ilionekana ya kuwa uzuri ule ulikuwa hatari. Pembe hupasuka katika maji ya moto, na katika nakshi uchafu hujificha. Basi mipini ikawa ya chuma kitupu, na baadaye ya chuma kisichoshika kutu, kinachostahimili moto wa mvuke.

Kazi iliyoanza Afrika ya Mashariki

Tumefika kwenye swali letu la mwanzo. Karne ya ishirini ilileta keekee ya mashine inayozunguka mara laki kadhaa kwa dakika. Ni baraka kubwa mahali penye umeme, maji safi na fundi wa kuitengeneza. Mahali pasipo na hayo, mtu alirudi kwenye koleo, kama siku za Celsus.

Katikati ya miaka ya 1980, katika nchi ya Tanzania, Mholanzi Jo Frencken na wenzake wa shule ya waganga wa meno ya Dar es Salaam walijaribu kuziba meno bila mashine yoyote. Walichukua vyombo vya mkono tu: kishoka kidogo cha kupanua mdomo wa shimo, vijiko vya kukwangua, na kichongeo. Walikwangua uozo laini, wakaziba kwa simenti inayoshika jino yenyewe. Baadaye ilitumika simenti iliyovumbuliwa na Wilson na Kent huko Uingereza mwaka 1969, ambayo pia hutoa fluori ya kuliimarisha jino. Njia hiyo ilijaribiwa Thailand kuanzia mwaka 1991 na Zimbabwe kuanzia 1993, kisha Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa mataifa yote Siku ya Afya, tarehe 7 Aprili 1994.

Angalieni jinsi ilivyo nyepesi. Mgonjwa hulala juu ya meza ya shule. Mara nyingi hapigwi sindano, maana kinachoondolewa ni sehemu iliyokwisha kufa. Vyombo huchemshwa katika sufuria ya mvuke juu ya moto wa kuni au mafuta. Simenti ikiisha kuwekwa, mganga hupaka vaselini juu ya kidole kilichovikwa mpira, akagandamiza mpaka simenti iingie kila pembe. Kilichozidi hukiondoa kwa kichongeo. Kisha mgonjwa asile kwa muda wa saa moja. Njia hii haiwezi kila kitu: shimo la upande mmoja hudumu vizuri, lakini jino lililobomoka pande nyingi huhitaji zaidi, na lililofika penye mshipa halifai kufunikwa hivyo. Walakini ni watoto wangapi wangeweza kuwa na meno yao leo, kama shimo dogo lingezibwa kwa wakati!

Neno la mwisho

Wazee wetu walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Hakuna mahali ambapo methali hiyo ni kweli kupita kinywani. Shimo dogo halina maumivu, kwa hiyo twalidharau. Siku liumapo, mara nyingi umekwisha pita wakati wa kijiko na kishindilio, imebaki kazi ya koleo. Basi wazazi, tazameni meno ya watoto wenu penye mwanga. Mkiona doa jeusi au kitobo, wapelekeni wala msingojee kilio. Sukari ipungue, na mswaki usikose asubuhi na jioni, wa duka au wa mti.

Na ninyi wauguzi wa dispensari zetu, na masista mnaoangalia wagonjwa, ulizeni kwa wakubwa wa afya juu ya njia hii ya vyombo vya mkono, mkafundishwe na wenye ujuzi. Sanduku lake laweza kubebwa juu ya baiskeli. Fauchard alifungua siri zake, Black akaandika vipimo vyake ili kila fundi avifuate, na watu wa Dar es Salaam wakaonyesha kwamba chombo kidogo katika mkono uliozoea chafaa hata pasipo na umeme. Waliyoyaacha hayo waliyaacha kwa watu wote, na maskini ni miongoni mwao.